Kutu ya Mara Moja

Mabati ya jikoni kwetu Kisauni
hayamalizi miaka minne.
Grili la dirisha, ukilishika,
hukuachia unga mwekundu kiganjani.
Friji tumelipandisha juu ya matofali,
limeliwa miguu vilevile.
Hewa ya hapa ina chumvi,
na chumvi haina adabu.

Mimi kazi yangu ni meno.
Makadara, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa,
nina vikombe saba vya kioo dirishani,
na katika kila kikombe kipande cha aloi,
titani, alumini kidogo, vanadi kidogo,
hakifiki punje ya hindi.
Kimoja nimekitia kwenye mate ya kuunda,
kimoja kwenye ukwaju,
kimoja kwenye achari ya mbirimbi,
kimoja kwenye chokaa ya tambuu,
na kimoja, nikichunguliacho kila asubuhi kabla ya chai,
kwenye dawa ya meno iliyotiwa siki.
Viwili vilivyobaki lebo zimebanduka.
Sijui vinaogelea nini.

Baba yangu, Shekuwe, alipara kutu za meli Kilindini
miaka thelathini na mmoja.
Gego lake la chini lilimtoka akitafuna mkate wa mofa,
akalifunga kwenye leso, akaja nalo mpaka kwangu
kama mtu aletaye simu iliyoharibika.
Nikamwekea skrubu ya titani mkononi.
Akaigonga kwa ukucha. Akainusa.
Aliyeishi na chuma hunusa kwanza.
Kisha akanijibu kwa beti,
maana akikasirika hajibu vingine:

*Chuma nimekizoea, tangu ngazi za gatini,*
*Kutu nimeipokea, puani hata machoni,*
*Nyumbani ikarejea, kwenye shati, kifuani,*
*Chako kisichopotea, kimetoka nti gani?*

Mimi sina vina. Nikamwambia kwa maneno ya kawaida:
Baba, hii nayo hupata kutu.
Ila huipata papo hapo, ikikutana na hewa tu,
kabla hujapepesa jicho.
Hujivika utando. Uchane unywele nyuzi elfu kumi,
uzi mmoja ndio unene wake.
Kisha basi. Inanyamaza.
Kutu ya chuma hubambuka,
na ikibambuka huacha mlango wazi, nyingine ikaingia.
Hii hushikamana. Ikwaruze kwa mfupa wa changu,
itajifunika tena kabla hujameza tonge.

“Kumbe ni kutu,” akasema, “inayozuia kutu.”
“Ndiyo.”
“Na adui yake?”

Baba haulizi kitu kina uzuri gani.
Huuliza kitakufa vipi.

Nikamwonyesha kikombe cha siki.
Kipande kimefifia, kama jicho lililoingia ukungu.
Dawa ileile ya kulinda meno,
ikishikana mkono na ukali, huutoboa utando.
Kwa hivyo usukutue, nikamwambia,
na tambuu isilale shavuni usiku kucha.
Akacheka kwa upande wenye meno.

Miezi mitano mfupa ulikuwa ukiishika skrubu,
polepole, bila kelele, nami nikipiga picha.
Katika miezi hiyo nilimfikiria mama,
aliyekuwa akilifua lile shati kwa ndimu kila Alhamisi
na doa halikutoka.
Siku ya maziko yake baba alilia mara moja,
ukumbini, mbele za watu, kwa sauti.
Hakulia tena. Hata arubaini hakulia.
Miaka tisa nilimhesabia hilo
kama deni.

Jana nimemfungia jino.
Akauma, akafungua, akauma.
Akaligonga kwa ukucha,
akaupeleka ukucha puani, akafumba macho.

“Hainuki kitu,” akasema.
Akaomba maji.